Lenzi ya Bwana Haraka

"Usiitikise! Kaka, nakuomba, usiitikise!"

Sauti ilitokea nyuma yake, katikati ya zogo la ghorofa ya chini, ambako wauza simu walikuwa wakishindana kufungulia spika na kuita wapita njia. Mpiga picha aligeuka. Mbele yake alisimama msichana mwenye suruali ya jinzi na shati la manjano lililokunjwa mikono, nywele kazifunga kwa kitambaa cheusi, na kioo kidogo cha kukuzia kimening'inia kifuani pake mahali ambapo wenzake huvaa mkufu.

"Samahani dada, unaongea na mimi?"

"Kwani nani mwingine hapa anatikisa lenzi kama njuga? Kila ukiitikisa, kilichovunjika ndani kinakwaruza kisichovunjika. Unaimalizia!"

Mkono wa mpiga picha ukaganda hewani. Asubuhi ile, kwenye mechi ya mpira wa wavu, mchezaji alikuwa ameruka kuokoa mpira akamwangukia yeye na kamera yake. Mchezaji aliinuka akaendelea kucheza. Kamera nayo ilipona. Lenzi ndiyo iliyopiga saruji, na tangu hapo ilikuwa ikilia chakachaka kila akiigusa, na pete yake ya kulengea haizunguki tena. Mashindano ndiyo kwanza yameanza, na mhariri wake alikuwa amemwahidi kwamba akiyapiga vizuri mpaka fainali, gazeti litamwajiri rasmi. Ndiyo maana alikuwa amesimama mbele ya duka la kamera, roho juu.

"Nimekuja kununua nyingine," alisema. "Hii imeshakufa."

"Nani kakuambia imekufa?"

"Muuzaji."

Msichana akaangua kicheko. "Muuzaji! Ukimuuliza muuza viatu kama viatu vyako vimechakaa, unadhani atakujibu nini?"

"Bisibisi!" muuzaji alipaza sauti kutoka nyuma ya meza yake ya kioo. "Kila siku unanifukuzia wateja!"

"Sikufukuzii, namwazima tu. Nikishindwa nitamrudisha." Akanyoosha kiganja. "Hebu nione."

Mpiga picha hakujua kwa nini aliitoa. Ilikuwa lenzi ya shangazi yake, aliyepiga picha za harusi za watu maisha yake yote, na siku alipoacha kazi alimkabidhi mpwa wake kwa sharti moja tu: aitumie, asije akaificha kabatini. Hakuwahi kumpa mtu mwingine aishike. Sasa alimkabidhi msichana asiyemfahamu, mwenye jina la chombo cha kazi, na moyo wake ukawa unadunda kuliko pale ilipoanguka.

Karakana yao ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, chumba chembamba chenye dirisha kubwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe. Mlangoni alikaa baba yake Bisibisi. Yeye ndiye aliyemfundisha binti yake ufundi, lakini macho yalikwisha kuchoka na vitu vidogo, na sasa kazi yake ilikuwa kupokea wateja na kuwatania. Wateja wenyewe walikuwa wachache. Siku hizi kitu kikiharibika watu wanatupa, wananunua kipya. Mzee alikwisha kuanza kusema kwamba ile meza ingefaa zaidi kuuzia makava ya simu.

Bisibisi aliifungua lenzi pale pale, akitoa skrubu ndogo kama mbegu za ufuta na kuzipanga kwenye kisahani. Mpiga picha alimtazama vidole. Hakuona haraka hata kidogo kwenye vidole vile.

"Kioo kimoja cha ndani kimepata ufa," alisema mwishowe. "Nikipata lenzi nyingine ya aina hii iliyokufa kabisa, nitakitoa huko nikipachike hapa. Nikikosa, nitakuambia kweli, ukanunue mpya."

"Itachukua muda gani?"

"Sijui."

"Wiki moja? Mbili? Maana mimi nina mechi, mhariri ananisubiri, yaani hapa nilipo nimechelewa."

"Baba," Bisibisi aliita bila kuinua kichwa, "tumepata mteja. Anaitwa Bwana Haraka."

Jina likamganda. Na Bwana Haraka, ambaye hakuwa na muda, akaanza kupata muda kila alasiri. Alikuja kuuliza habari za lenzi akakaa mpaka wafanyabiashara walipoanza kuteremsha milango. Siku moja alikuja na tikiti maji, siku nyingine na kofia mpya ya mzee. Gazetini alikuwa ameazima lenzi ya mwenzake, na kila picha iliyotoka humo ilimkera.

Jioni walipigiana simu.

"Haloo, Bisibisi. Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Amelala. Amesema usimpigie kelele."

"Na daktari wake je?"

"Daktari amechoka. Ila akisikia sauti fulani anapata nafuu kidogo."

"Sauti ya nani hiyo?"

"Ya muuza tikiti maji," akasema, akakata simu huku akicheka, na Bwana Haraka akabaki anaitabasamia simu barabarani kama mtu aliyerukwa na akili.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa yakienda, matamu, mpaka mwenzake wa gazetini alipotaka lenzi yake. Mhariri naye akawa mkali: nusu fainali inakuja, na mpiga picha bila lenzi ni mtazamaji tu. Bwana Haraka alisimama tena mbele ya duka la ghorofa ya chini. Akawaza, akasita, akazunguka jengo zima, kisha akaingia akanunua. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, nyepesi mkononi. Akaitia ndani ya begi, akapanda ngazi kwenda kumwambia Bisibisi.

Kabla hajabisha, mlango ulifunguliwa kwa kishindo.

"Nimepata!" Bisibisi alimrukia, akamshika mikono yote miwili. Shati lake lilikuwa limejaa vumbi, na shavuni alikuwa na mstari wa grisi. "Nimepata lenzi mfu! Nimepekua kwenye vitu vikuukuu vya watu tangu asubuhi, upande wa pili wa mji, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepoteza pete. Kioo chake kizima, Bwana Haraka! Kizima!"

Mzee akaongeza kutoka kitini, "Amesema hii ikipona, nisimtajie tena makava ya simu. Nami nimekubali. Kwa hiyo kijana, umeniponza."

Bwana Haraka akalisogeza begi nyuma ya mgongo. Angemwambiaje mtu mwenye uso ule? Na akishamwambia, atakuja hapa kesho kufanya nini? Akasema, "Hongera, mrembo," akajiahidi kwamba atasema kesho. Kesho ikafika, akajiahidi tena.

Asubuhi ya fainali Bisibisi alikaza skrubu ya mwisho. Alizungusha pete, ikateleza bila kukwama. Alifunga mlango wa karakana, akarudi nyumbani, akatoka na gauni la rangi ya zambarau lililombana kiunoni na viatu vya wazi, nywele kaziachia.

"Wee!" baba yake alisema. "Unapeleka lenzi au unakwenda kuvishwa taji?"

"Baba jamani!"

Uwanja wa ndani ulikuwa umefurika. Ngoma, filimbi, watu waliojipaka rangi nyusoni. Bisibisi alijipenyeza mpaka kwenye uzio wa waandishi, kifurushi kifuani, akatafuta mgongo anaoujua. Akauona. Bwana Haraka alikuwa amepiga goti karibu na wavu, akipiga picha mfululizo, na mbele ya kamera yake iling'aa lenzi mpya kabisa. Hata stika ya duka la ghorofa ya chini ilikuwa bado imebandikwa ubavuni.

Mapumziko yalipoitwa, aligeuka akamwona. Uso wake ukachanua, kisha ukaanguka.

"Umeiazima hiyo?" Bisibisi aliuliza. Alikuwa anaomba moyoni jibu liwe ndiyo.

"Hapana. Nimenunua."

"Lini?"

"Bisibisi, sikiliza..."

"Nimekuuliza lini."

"Siku ile uliyopata kioo. Nilikuwa nakuja kukuambia."

"Na ukakaa ukaniangalia. Kila jioni ukaniuliza mgonjwa anaendeleaje, na mgonjwa ulishamzika!" Akakibana kifurushi kifuani. "Wote huku nje wananiambia napoteza wakati, vitu vya siku hizi havitengenezwi. Nimezoea. Lakini wewe nilidhani uko upande wangu."

Akamwekea kifurushi mikononi, akageuka. Gauni la zambarau likapotea katikati ya mashabiki.

Filimbi ililia. Bwana Haraka alitaka kumkimbilia, lakini wachezaji walikuwa wanaingia na mhariri alikuwa jukwaani anamtazama yeye. Alikifungua kifurushi. Akaichomoa lenzi mpya, akafunga ya shangazi yake. Hakuwa na hoja yoyote kichwani. Alichotaka ni kuangalia kupitia kazi ya mikono ya msichana yule. Pete ilizunguka laini, kama haijawahi kugusa saruji. Pointi ya mwisho ilipopigwa, nahodha wa timu alikuwa angani, mdomo wazi, macho yamejaa machozi hata kabla hajatua, na Bwana Haraka akabonyeza pale pale.

Kisha akaanza kupiga simu. Haikupokelewa jioni ile wala asubuhi yake. Karibu na adhuhuri ikapokelewa.

"Mpenzi, tafadhali usikate..."

"Mpenzi wako nani?" sauti nzito ilijibu. "Mimi ni baba yake."

"Shi... shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umemfanya nini mwanangu? Tangu asubuhi anafuta vioo visivyo na vumbi. Simu yake inalia, anaitazama tu."

Bwana Haraka akaeleza yote, akijikwaa kila neno la tatu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hayo unaniambia mimi ili iweje? Si mimi niliyevaa gauni jana. Njoo useme mwenyewe. Na usije na maua, tafadhali. Yanamwaga vumbi kwenye meza."

Alipanda ngazi mbili mbili. Bisibisi alikuwa mezani, amerudi kwenye jinzi yake, mgongo ameupa mlango. Mzee akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli koridoni.

"Nilinunua kwa sababu mechi isingenisubiri," Bwana Haraka alisema, bado anahema. "Kwa hilo sijutii, nisikudanganye. Ninachojutia ni kukuficha. Niliogopa. Nilijua nikishasema nina lenzi, nitakosa sababu ya kuja hapa."

Kitambaa cha kufutia kikasimama mkononi mwa Bisibisi.

"Ungeweza kuja bila sababu," alisema.

"Ningepokelewa?"

"Wewe ni mjinga kweli, au unajifanya? Nani anavaa gauni kwenda kupeleka lenzi?"

Akacheka na kulia kwa pamoja, na Bwana Haraka akasogea, akamkumbatia. Kisha akatoa gazeti kwapani. Nahodha alikuwa ameenea ukurasa wote wa mbele. Bisibisi aliinama juu yake na kioo chake cha kukuzia, akachunguza kila pembe.

"Kona ya kushoto ina ukungu."

"Mhariri amesema ukungu huo ndio unaoipendezesha. Ameniajiri, Bisibisi! Kasaini leo asubuhi!"

"Ukungu ni ukungu, asinibembeleze." Lakini alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. "Sasa niambie kweli. Uwanjani utatumia ipi?"

Bwana Haraka alijua hapa ndipo pa kusema. "Mpya. Inalenga haraka kuliko yako. Ila nikitaka kupiga mtu aliyetulia, mtu ninayempenda, nitatumia uliyoitengeneza."

"Sawa," alisema Bisibisi. "Hivyo hivyo ndivyo ningekushauri, kama ungeniuliza."

Habari ya picha ile, na ya lenzi iliyoipiga, ilizunguka. Wapiga picha wengine wakaanza kupanda ghorofa ya juu na kamera zao zilizonyamaza kabatini, na makava ya simu hayakutajwa tena. Miezi ikapita, Bwana Haraka akija kila siku bila sababu yoyote.

Alasiri moja ya mvua Bisibisi alikuwa ameinamia lenzi ya mteja, skrubu ndogo kabisa ameibana kwa kibano, anaiteremsha taratibu. Mtu hatakiwi hata kuvuta pumzi wakati kama huo. Bwana Haraka alikuwa amejiambia asubiri, lakini kusubiri hakukuwa kwenye damu yake.

"Nataka tuoane."

Kibano kikaruka. Skrubu ikadunda mezani, ikapotea sakafuni.

"Jamani! Hiyo haina nyingine!" Bisibisi alikwisha piga magoti. "Mtu asinyanyue mguu!"

Mzee akaacha kiti chake, naye akainama upande wa mlangoni. Bwana Haraka akaingia chini ya meza, akipapasa kwa kiganja.

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Usisogee."

"Sijasogea, nangoja jibu."

"Nasema usisogee, iko karibu na goti lako!"

Alitambaa mpaka kwake, akaigusa kwa ncha ya kidole, ikanata. Nyuso zao zilikuwa karibu karibu kule chini ya meza. Bwana Haraka alikuwa na vumbi kwenye paji la uso, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikuwa ametulia tuli, hata kope hazichezi.

"Nimekubali," Bisibisi alimwambia.

"Mnanong'ona nini huko?" mzee aliuliza kutoka upande wa pili. "Imepatikana?"

"Imepatikana, baba! Na nimekubali!"

"Umekubali nini?"

"Kuolewa!"

Mzee alipiga ukelele wa furaha ulioita watu koridoni, akataka kusimama, akashindwa. "Basi njooni mninyanyue," alisema huku akicheka, "magoti yamegoma." Wakatoka chini ya meza wakambeba, mmoja huku, mwingine huku, na aliposimama hakuwaachia mikono.