Ruhusa ya Dada

Saa kumi na moja jioni, kompyuta ya meza ya dirishani ilikataa kuzimika. Iliandika: "Mtumiaji mwingine bado yumo. Huna ruhusa ya kuzima."

Karani mpya akakodoa macho. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini, na kabla yake mashine ile ilikuwa ya dada yake, aliyezikwa miezi miwili iliyopita. Harufu ya dawa ya kuchua kifua ikamjia, ileile ya dada, na nyuma ya kiti chake mtu akakohoa. Hakukuwa na mtu.

Akamkimbilia mkuu wa ofisi, waliyembandika jina la Bwana Kesho.

"Bosi," alinong'ona, "dada bado yumo kwenye mashine. Mtoe, tafadhali. Apumzike."

"Neno la siri la kuzimia ninalo mimi. Njoo kesho."

Kesho! Ndivyo alivyomjibu dada siku tatu mfululizo alipoomba ruhusa ya kwenda hospitali, huku akikohoa hadi machozi juu ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu. Siku ya nne alifia palepale mezani. Afe kipa, afe beki, vyeti vitoke. Mtu gani huyu?

Hasira zikampanda karani. Akamkamata bosi mkono mbele ya wenzake. "Hakuna kesho! Leo hii, nikiona!"

Bosi akaketi kwenye meza ya dirishani akicheka, akaandika neno lake la siri, na hapo kikohozi kikaanza tena, kikavu, kisichokatika, sikioni mwake kabisa, harufu ya dawa ikajaa chumba mpaka makarani wakaziba pua, na vitufe vikaanza kubonyea vyenyewe, kimoja kimoja, taratibu, kama vya mtu aliyechoka: Nimepata ruhusa. Naenda. Kwaheri, mdogo wangu.

Harufu ikakatika. Karani akaangua kilio, wala hakuona aibu.

"Haya, zima twende," bosi alisema. Akajaribu kuinuka, kiti kikamng'ang'ania. Akakohoa, kikohozi kikavu.

Skrini iliandika: "Mtumiaji mmoja bado yumo." Jina lilikuwa la bosi.

"Mwanangu," alinong'ona, "neno langu linakataa. Jaribu lako. Nipe ruhusa."

Karani akafuta machozi, akachukua mkoba wake.

"Kesho, bosi."