Sekunde Sitini za Kocha Ngazi

Duka la kutolea nakala lilikuwa limefurika, maana mitihani ya chuo ilikuwa imekaribia. Jamaa mmoja mrefu akapenya ubavuni, akanyoosha mkono juu ya vichwa vya watu na kumpa mwenye mashine karatasi zake.

"Wee ngazi, shuka!" sauti ikamkata. "Wewe ni wa kumi na mbili, nimehesabu."

Aligeuka akamwona dada mwenye gauni la njano, raba nyeupe na saa kubwa ya kiume mkononi.

"Samahani dada, nina haraka."

"Na sisi tumekuja kupunga upepo?"

Watu waliangua kicheko. Akarudi nyuma kichwa chini, ila moyo ulikuwa umeshamdondoka palepale mlangoni, na jina la Ngazi likamganda tangu siku hiyo.

Chuo hichohicho alikuwa amekichezea mpira wa kikapu, nyota haswa, mpaka goti lilipomsaliti mwaka wa mwisho. Alilia, akanyamaza, akasomea ukocha. Sasa alikuwa kocha wa majaribio wa timu ya wasichana, na mkuu wa michezo hakumficha kitu: bila kombe katika misimu miwili, atafute kazi nyingine.

Yule dada naye, kumbe, alikuwa karani wa mezani kwenye ligi, yule anayeandika pointi na kuendesha saa ya mchezo.

"Leo umefundisha au umepiga kelele tu?" alizoea kumwuliza kwenye simu, maana hazikupita wiki nyingi wakawa wapenzi.

"Vyote viwili, roho yangu. Umekula?"

"Nimekula. Usinibadilishie mada."

Walikubaliana dada asikae mezani timu ya Ngazi ikicheza, watu wasije wakasema. Lakini siku ya nusu fainali karani aliyepangwa aliugua, akaitwa yeye. Zikabaki sekunde tisa, wasichana wako nyuma kwa pointi moja. Ngazi akaunganisha viganja kama herufi T, kuomba taimauti, ile dakika moja ya kusimamisha mchezo.

Karani akatikisa kichwa. "Zimekwisha, kocha. Umetumia zote tatu."

"Nimetumia mbili!"

King'ora kikalia, wakafungwa. Ngazi akapandwa na hasira, akapayuka mbele ya ukumbi mzima: "Umeniuza! Uliogopa wataona unanipendelea, ukaamua kunizika!"

Hakuishia hapo, jamani. Aliiandikia kamati ya ligi barua ya malalamiko, na karani akasimamishwa kazi. Alimtumia Ngazi ujumbe mmoja tu: "Karatasi ya mchezo uliisaini mwenyewe. Isome."

Wiki mbili hakuisoma, kwa ubishi tu.

"Mwanangu," mama yake akamwambia kwenye simu aliposimuliwa yote, "kichwa chako kiko juu mno, nadhani hewa haikifikii. Soma hiyo karatasi."

Akaisoma, amekaa peke yake ofisini. Taimauti ya tatu ilikuwa imeandikwa dakika ya sita ya robo ya mwisho. Dakika ya sita! Ndipo nahodha wake alipoanguka ameshika goti. Ngazi alikumbuka baridi iliyompita mwilini, akikumbuka goti lake mwenyewe, na akaona sasa jinsi mikono yake ilivyoungana bila kumwuliza. Binti alikuwa amechubuka tu. Yeye ile dakika hakuihesabu kabisa, aliiona ni hofu yake tu.

"Mjinga mimi," akasema kwa sauti.

Alikwenda mbele ya kamati na makocha wenzake, akaifuta barua yake.

"Kocha asiyejua kuhesabu mpaka tatu!" mmoja akacheka.

"Ndiye mimi. Andikeni hivyohivyo."

Karani akarudishiwa kazi yake. Ngazi akampigia.

"Nimesikia ulichofanya, asante," alisema yule dada. "Lakini uliniaibisha mbele ya ukumbi mzima, Ngazi, ukaenda kujirekebisha kwenye chumba cha watu kumi."

"Una haki."

"Najua ninayo." Akakata simu.

Msimu wa pili uliisha kwa fainali, na karani alikuwa mezani. Kamati haikuwa na sababu ya kumzuia, mapenzi yenyewe yalikuwa wapi? Wasichana walicheza siku hiyo kama waliotumwa! Nahodha peke yake alifunga pointi ishirini na nne. Wakashinda kwa tisa, kombe likawa lao na kazi ikawa ya Ngazi. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Ngazi, ndani ya suti ya kijivu aliyochaguliwa na wachezaji wake, akaenda mezani.

"Saini hapa, kocha."

Akaunganisha viganja.

"Mechi imekwisha."

"Nimebakiwa na moja. Leo nimehesabu."

Karani akatazama karatasi. Kweli. Akaibana midomo asicheke. "Sekunde sitini," akasema, akabonyeza saa. Ubao mkubwa ukaanza kuhesabu, watu wakageuka kuutazama.

Ngazi akachukua kipaza sauti. "Mwaka jana nilimwita huyu msaliti, hapahapa. Alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea. Nilimkosea mtu ninayempenda kuliko kombe hili. Mama yangu yule pale jukwaani, yuko tayari kwenda kwao kuposa hata kesho. Kupiga goti siwezi, goti langu mnalijua. Lakini naomba nikuoe, mpenzi."

Karani hakumtazama, macho yake yalikuwa kwenye saa. Zikabaki nane, saba, sita.

"Dada, mjibu, muda unakwisha!" nahodha akapiga kelele.

Ilipofika tatu, karani akaisimamisha saa. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Nani kasema unakwisha?" akauliza. "Nimekubali, Ngazi. Sasa saini hapa. Na safari hii, uisome kwanza."