Kamera Zilizopona

Jumatano, saa tisa alasiri.

Nje, mafundi mageti wa Ng'ambo walikuwa wanakata chuma, na mashine yao ililia bila kupumua. Ndiyo maana Lugembe alikipenda kile chumba cha nyuma. Humo ungeweza kupanga kuua mtu na jirani asisikie hata kikohozi.

Alichuchumaa, akachora kwa chaki sakafuni. Ofisi ya wanunuzi wa dhahabu, Isevya. Geti la mbele. Mlango wa nyuma. Korido. Chumba cha hazina.

"Mzigo wa Nzega unaingia kesho jioni, unaondoka Jumamosi," alisema. "Ijumaa mchana wenyewe wako msikitini. Anabaki mlinzi mmoja getini, na huyo saa hiyo yuko na ugali wake. Tunaingia saa saba kasoro kumi. Dakika kumi na mbili, tumetoka. Swali?"

"Kamera," alisema Ciza.

"Muulize shemeji yako."

Adinani, laptopu ikiwa mapajani, hakuinua uso. Hakuwa na cheti cha chuo chochote. Kamera alijifunza kwa kuzifumua na kuzirudisha, na hakumwogopa mtu yeyote mwenye tai.

"Ziko mkononi," alisema. "Kamera nane, kengele moja, makufuli mawili ya mtandao. Aliyezifunga aliacha nenosiri la kiwandani. Moja, mbili, tatu, nne. Mtu mzima na ndevu zake."

Ciza alicheka. Lugembe hakucheka.

"Wao wataona nini?"

"Korido tupu. Nimeirekodi. Nitawarudishia hiyo hiyo, waitazame mpaka wasinzie."

"Umegusa kingine?"

"Sijagusa."

Hapo alidanganya.

Jumatatu, alipoingia kwenye zile kamera kwa mara ya kwanza, alikuta mtu amemtangulia. Zote zilikuwa na virusi. Mwizi mwingine, pengine wa ng'ambo ya bahari, alikuwa amezigeuza punda, zinamfanyia kazi mchana kutwa kushambulia mitandao ya watu wasiojulikana. Picha zilikwamakwama. Mtandao wa ofisi nzima ulitambaa.

Jambazi mwenye akili angeacha hivyo hivyo. Lakini kazi chafu ilimkera Adinani kama mchanga ndani ya wali. Alifuta virusi, kamera moja baada ya nyingine. Akaziba matundu. Kufuli la mlango wa nyuma akalipa nenosiri jipya, la kwake, refu kama ubeti. Alipomaliza picha zilitiririka, na yeye akalala usingizi wa mtu aliyetenda haki.

Hakumwambia mtu. Hasa hakumwambia Ciza.

Ciza alikuwa mdogo wake Jeska, na Jeska alikuwa mke wa Adinani. Ni Adinani aliyemtoa Ciza kwenye mashamba ya tumbaku ya Ulyankulu akamleta kwa Lugembe. Nyumbani alisema wanakwenda Urambo kufunga sola. Jeska hakuuliza sola za nani. Alisema neno moja tu: "Nirudishie mdogo wangu. Mama hana mwingine."

Ijumaa, saa 6:41 mchana.

Gari lao, Probox, lilisimama kwenye uchochoro, ubavu wake karibu ukwangue ukuta wa ofisi. Kutoka hapo laptopu ya Adinani ililipata kufuli la mlango wa nyuma. Mita kumi mbele, hailipati tena.

Lugembe na Ciza walivaa ovaroli za mafundi viyoyozi. Bastola ya Lugembe ilikaa kiunoni, chini ya kitambaa.

"Babu wa babu yangu alibeba pembe za ndovu za Waarabu kutoka hapa mpaka Bagamoyo," alisema. "Kwa miguu. Sijasikia kwamba alirudi na hata jino."

"Kaka mkubwa, na wewe Nzega ulichimba dhahabu ya wengine," Ciza alimtania bosi wao. "Ukoo wenu una mabega tu."

"Nyamaza, mkulima. Beba ngazi."

Saa 6:50.

Adinani alibonyeza. Kufuli la mlango wa nyuma likaachia. Hukaa wazi sekunde nane tu, kisha hujibana lenyewe. Wawili hao walizama ndani.

Saa 6:55.

Chumba cha hazina kikafunguka. Lugembe aliingia na begi. Ciza alibaki koridoni na mtaimbo, akisikiliza.

Simu ya Adinani iliwaunganisha wote watatu. Alisikia Lugembe akihema, na kipaza sauti cha msikiti kikimwaga hotuba juu ya mabati.

Saa 6:58.

Chini ya kila picha ya kamera huwa kuna jina la mahali. Siku zote kamera ya chumba alimokuwa Lugembe iliandikwa HAZINA. Adinani aliitazama, na herufi zikabadilika mbele ya macho yake.

KARIBU FUNDI.

Vidole vyake vilisimama. Herufi zikabadilika tena.

MTANDAO WETU ULIPONA JUMATATU. SISI HATUKUITA DAKTARI.

Mlango wa hazina ukajifunga. Klak.

Adinani alijaribu kuufungua. Akakataliwa. Akajaribu tena. Akakataliwa. Alijua ofisi ile ilikuwa imeajiri mwanamke wa kulinda mitambo, Stela fulani. Alimdharau kabla ya kumwona. Sasa alimwelewa. Wafanyakazi wote walifurahi mtandao ulipokuwa mwepesi. Mmoja tu aliuliza mgonjwa kaponywa na nani. Kisha akanyamaza, akakaa kumsubiri tabibu.

"Fundi," ilisema sauti ya Lugembe. "Fungua."

"Sina tena hilo kufuli. Wamelichukua."

"Wamejuaje?"

Adinani alibonyeza tena. Akakataliwa.

"Adinani. Wamejuaje?"

"Nilisafisha kamera."

"Ulifanya nini?"

"Zilikuwa na virusi. Nikazisafisha."

Simuni likasikika begi likianguka sakafuni.

"Mimi nimekuja kuiba," Lugembe alisema taratibu, "wewe unapiga deki."

Saa 7:01.

Ciza alikuwa anaupiga mtaimbo kwenye mlango wa hazina. Chuma hakikutikisika.

"Ciza, acha," alisema Adinani. "Toka. Nakufungulia nyuma."

"Na kaka mkubwa?"

"Hatoki."

"Ukitoka, dogo," Lugembe alisema, "jina lako nitalitaja mpaka lile la kipaimara."

Kwenye picha Ciza alisimama katikati ya korido kama ng'ombe aliyeona moto. Adinani alibonyeza. Mlango wa nyuma ukaachia. Sekunde nane. Ukajibana. Akabonyeza tena. Ukajibana. Gari la polisi lilikata kona ya juu ya barabara, bila king'ora. Uchochoro wa chini, uendao relini, bado ulikuwa wazi. Ufunguo wa Probox ulining'inia pembeni ya goti lake.

"Shemeji, washa gari uende," Ciza alisema. Alikuwa anahema. "Ukikamatwa, dada nitamwambia nini?"

"Dada yako hakumwomba mtu anirudishe mimi. Toka, Ciza. Nimebonyeza. Toka sasa."

Mtaimbo ulianguka. Ciza alikimbia.

Alitoka akiivua ovaroli, akapita ubavuni mwa gari bila kuangalia ndani, maana Adinani alimkunjia uso asithubutu. Swala ilikuwa imekwisha. Watu walimiminika kutoka msikitini, kanzu kwa kanzu, na shati jekundu la Ciza likaingia katikati yao. Likaonekana. Likafunikwa. Likaonekana mbali zaidi.

Saa 7:04.

"Mikono juu ya usukani."

Askari walikuwa wanne. Nyuma yao alikuja mwanamke mfupi mwenye simu mbili. Hakumtazama Adinani. Alitazama laptopu kwanza.

"Kufuli la nyuma ulibadilisha nenosiri," alisema Stela. "Nimehangaika nalo siku nne."

"Lilikuwa moja, mbili, tatu, nne."

"Najua. Lilifungwa nikiwa bado sijaajiriwa."

Adinani nusura atabasamu. Ndipo kutoka ndani, kupitia chuma na ukuta, sauti ya Lugembe ikapasuka. "Ciza! Ciza, mbwa wewe!"

Mkubwa wa askari aligeuka. Aliinama dirishani.

"Ciza ni nani?"

Stela aliitazama picha ya korido kwenye simu yake. Ilikuwa tupu, kama ilivyorekodiwa. Akamtazama Adinani, akangoja.

Mbele, kwenye kona ya kuelekea stendi, shati jekundu lilikuwa limesimama likisubiri kuvuka. Bodaboda zilipita. Dakika tano zaidi na lingekuwa ndani ya basi.

Tangu utotoni Adinani alikuwa amepigana na kila mtu aliyemwita kwa jina lisilo lake.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye Ciza."