Kimya cha Chumba cha Makaa

Jioni ile nilitoka kununua betri za maikrofoni, nikarudi mbiombio nyumbani kwa mama yake Duane, tulikokuwa tukipiga filamu. Jua la mji wa Dayton, Marekani, lilikuwa linazama, na kazi iliyobaki ilikuwa moja tu: kurekodi kimya.

Sisi watu wa sauti ndivyo tunavyofanya. Onyesho likiisha, kila mtu husimama tuli, nami narekodi sekunde thelathini za chumba chenyewe. Baadaye natumia kimya hicho kuzibia mapengo katikati ya maneno.

Filamu ilikuwa ya Duane Pruitt, rafiki yangu tangu shule. Ya kuchekesha, eti, kuhusu pati tuliyoifanya katika nyumba hiyohiyo mwaka 1986. Nywele zilizotimuliwa, kaseti, suruali za kubana, vyote vilikuwepo. Mimi sikucheka hata mara moja. Mizaha ilikuwa imechacha, na kila ilipochacha Duane alitupia wimbo wa zamani kufunika aibu. Magazeti yalipokuja kuiponda, yakisema ni sherehe isiyo na roho, sikushangaa. Kwenye filamu marafiki walikuwa watano.

Sisi tulikuwa sita.

Wa sita ni Lonnie Skaggs. Kwenye pati ile tulimfungia chumba cha makaa, ghala la zamani la makaa ya kupashia nyumba joto, chini ya sakafu, tukamwambia ahesabu hadi mia ndipo tutamfungulia. Tukaenda kufuata bia. Tukalewa, tukamsahau. Asubuhi komeo lilikuwa vilevile tulivyoliacha, na ndani hapakuwa na mtu. Polisi tuliwaambia aliondoka mapema. Mama yake alimtafuta hadi yeye mwenyewe akafa.

"Kimya," nikasema. Vijana arobaini waliokuwa wakicheza dansi mbele ya kamera wakaganda.

Nikavaa hedifoni.

Kwanza ilikuja harufu ya makaa, kwenye nyumba ambayo haijawasha makaa tangu tukiwa watoto. Halafu sauti nyembamba... ya kijana... kutoka chini ya sakafu.

"Sabini na moja... sabini na mbili..."

Nilimvuta Duane pembeni nikamvisha hedifoni. Akasikiliza. Midomo yake ikawa myeupe.

"Ifute," akanong'ona.

"Ni Lonnie, Duane."

"Najua ni nani. We ifute tu, bwana. Watu wanakuja kucheka, hawaji kulia."

Nilimnyang'anya hedifoni, nikateremka ngazi na kinasa sauti begani. Komeo tulilolirudisha asubuhi ile lilikuwa limeshika kutu. Nililigonga kwa nyundo, mara tatu, nne, huku namwita Lonnie kwa jina, huku namwambia ngoja, nakuja, ndugu yangu, nisamehe.

Likakatika.

Chumba kilikuwa kitupu. Vumbi, buibui, basi. Nikauegemeza mlango ukutani, wazi kabisa, nikasimama kizingitini nikiangaza tochi kila pembe. Kwa masikio yangu sikusikia kitu.

Nikavaa hedifoni tena.

"Tisini na nane... tisini na tisa..."

Pumzi.

"Mia."

Nilisikia akiinuka. Nilisikia viatu vyake vikija taratibu mpaka mbele yangu, pale nilipokuwa nimesimama, na kiganja kikipapasa mbao za mlango ambao haukuwa tena mbele yake.

"Toka, Lonnie," nikasema. "Nimefungua. Toka."

Alingoja. Alingoja sana. Kisha viatu vikarudi pembeni, akaketi, na kwa sauti ya mtu ambaye bado anatuamini akaanza upya.

"Moja... mbili..."