Ukungu Chini ya Mitambo ya Upepo

Risasi ya pili ilipasua kioo cha nyuma cha Land Cruiser.

Sindano hakugeuka. Alikanyaga mafuta kupanda kilima. Mbele yake mitambo ya upepo ilikuwa imesimama kimya, ingawa upepo ulivuma. Bondeni, ukungu wa alfajiri ulitanda mzito kama pamba.

"Droni haioni kitu," mkuu wake alisema redioni. "Malori ya silaha yamo humo. Yakivuka mpaka, basi tena."

"Nakupata, Mkuu."

Akafunga breki ghafla. Mpiga risasi aliyemfuata kwa pikipiki akajibamiza kwenye bampa. Hakuinuka.

Siri ya ukungu huo aliigundua mdogo wake, mpimaji wa hali ya hewa. Mapanga ya mitambo yakizunguka, huishusha hewa ya juu yenye joto kidogo, ikachanganyika na baridi ya ardhini. Ukungu hukosa pa kulala. Yakizimwa, hulala bonde zima. Na kila yalipozimwa, malori yalipita.

Kijana alimweleza meneja wa mitambo, akidhani anaongea na mtu mwema.

Kesho yake aliokotwa maiti chini ya mnara wa mtambo. Wakasema ni ajali.

Sindano aliufungua mlango wa chumba cha mitambo kwa teke. Meneja alikuwa peke yake mbele ya skrini, kikombe cha kahawa mkononi.

"Washa."

"Dada yangu, tuzungumze."

"Mdogo wangu alikuja kuzungumza."

Meneja akapeleka mkono kwenye droo. Glock, bastola ya Sindano, ikabweka mara moja. Kikombe kikaanguka, kiganja kikatoboka. Kwa mkono uliobaki, akilia, aliwasha.

Mapanga yakaanza kuzunguka, kivivu kivivu, kisha kwa kasi. Ukungu ukachanika. Malori yakabaki uchi barabarani, yamejipanga kama siafu.

"Nayaona," mkuu alisema. "Vijana wetu wanashuka."

Sindano akamsogezea meneja redio, mdomo wa bastola ukiwa kwenye paji lake la uso. "Sema ulichomfanya. Wanakusikia."

Akasema yote. Kwamba alimsukuma yeye mwenyewe. Kwamba kijana alimwita "mzee wangu" hadi mwisho.

Sindano alikaza kidole kwenye kifyatulio. Kisha akakitoa.

Akamfunga pingu kwenye bomba, akatoka, akampigia mama yake. Mama aliuliza kama amemuua.

"Hapana, mama. Kifo kingemsitiri."

Akairudisha bastola kiunoni, akateremka kilima kwa miguu, bila haraka.