Pengo Ukutani

Kila siku saa kumi na moja alfajiri, mji mdogo wa Corley, Alabama, ukiwa bado umelala, Lavell Pettway alikuwa tayari ananyanyua vyuma. Saa moja alikuwa kantini na sahani ya mayai, soseji na uji mzito wa mahindi. Kisha darasani, na alasiri uwanjani. Alikuwa na miaka kumi na tisa na mwili kama kabati. Katika timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, yeye na wenzake wanne walisimama kama ukuta mbele ya mrushaji wa mpira, wapinzani wasimfikie kumwangusha.

Mrushaji huyo, Corwin Haynes, alikuwa na mkono wa ajabu. Mdakaji wake, Deshay Mims, alikuwa na mbio kuliko kijana yeyote jimboni. Magazeti yaliandika kwamba mwaka huo timu haishindiki. Kufikia Oktoba ilikuwa imeshindwa mara tatu.

Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumlaumu. Deshay alilalamika kwamba hapewi mpira. Corwin aliulaumu ukuta.

“Jamani, mlango huo unapita!” Corwin alipaza sauti kantini, siku ya Alhamisi, Lavell alipopita na sahani yake. “We mlango, Jumamosi utafungwa, au utakuwa wazi kama kawaida?”

Meza nzima iliangua kicheko.

“Cheka tu,” Lavell akasema.

“Nakutania, bonge. Nenda ukale bwana, ndiyo kazi unayoiweza.”

Lavell alikaa peke yake.

Jumamosi hiyo wahitimu wa zamani walirudi chuoni na familia zao. Bendi ilipiga, na moshi wa mbavu za kuchoma ulitanda nje ya uwanja. Katika robo ya tatu timu ilikuwa nyuma kwa pointi tatu tu. Corwin alirusha mpira mmoja mzuri, akakimbilia kwenye kamera akijipiga kifua. Hakuwatazama hata kidogo watu watano waliokuwa wamelala chini kwa ajili yake.

Lavell aliinuka na mate machungu mdomoni. Mpira ulipoanza tena, mpinzani ambaye Lavell alikuwa amemzuia mchana kutwa alimjia kwa kasi. Angeweza kumzuia tena. ‘Corwin aangushwe mara moja tu, atie akili,’ Lavell aliwaza, akarudisha mikono yake.

Yule jamaa alipita, akamvamia mrushaji. Goti la Corwin lilipinda upande ambao goti halipindi, na ukelele wake ukasikika hadi viti vya juu. Bendi ilinyamaza katikati ya wimbo. Mchezo uliisha kwa kushindwa, lakini hakuna aliyeuliza matokeo.

Kesho yake Kocha Odom aliwakusanya kutazama video ya mchezo. Aliirudisha sehemu ile mara mbili.

“Yule jamaa alikuwa na mbio sana, Kocha,” Deshay alisema. “Angempita yeyote.”

Wengine waliitikia. Lavell alijua kwamba akinyamaza, jambo hilo litaishia hapo.

“Hakunipita,” akasema. “Nilimwachia makusudi. Nilitaka aangushwe, sikutaka aumie.”

Kiti kilianguka. Mtu alimrukia, wenzake wakamshika. Kocha hakufoka. Alimgeukia Deshay.

“Na wewe hapo, ulitakiwa kuwa wapi?”

Deshay aliitazama video. “Nigeuke baada ya hatua kumi, Corwin apate mtu wa karibu wa kumrushia.”

“Mbona uko kule mwisho?”

“Wachaguzi wa timu za kulipwa walikaa kule, Kocha. Nilitaka waone mbio zangu.”

Kocha alimsimamisha Lavell kucheza hadi mwisho wa msimu, akampeleka mwenyewe hospitali.

Corwin alikuwa amefungwa mguu mzima, mama yake ameketi pembeni. Madaktari walikuwa wamesema atafanyiwa upasuaji mara mbili, na hawakuahidi kwamba atacheza tena. Lavell aliungama yote akiwa amesimama.

“Ulimwona anakuja?” Corwin akauliza.

“Nilimwona.”

Corwin aligeukia ukutani. “Toka.”

“Nisamehe, mama,” Lavell alimwambia mama yake Corwin.

“Umefanya vizuri kusema,” mama alijibu bila kumtazama. “Lakini sasa hivi siwezi, mwanangu. Nenda.”

Mwishoni mwa Novemba Lavell alitazama mchezo wa mwisho akiwa jukwaani. Mrushaji wa akiba, Ennis, hakuwa na mkono wa maana. Lakini hakuna aliyemgusa, na Deshay aligeuka kila alipotakiwa kugeuka. Walishinda kumi na tatu kwa kumi. Watu walipotawanyika, Kocha alipanda akaketi kando yake.

“Ennis hamfikii Corwin hata nusu,” Lavell alisema.

“Hamfikii. Mwaka huu nilikuwa na wachezaji wazuri kuliko miaka yangu yote, na sikuwa na timu. Nilisikia mkidharauliana nikanyamaza, nikidhani vipaji vitatosha. Hilo ni kosa langu. Lako unalijua.” Alimshika bega. “Kipaji mtu huja nacho, Lavell. Timu hujengwa kila siku, na hujengwa na watu wanaolindana, hata siku ambayo mmoja amemuudhi mwenzake. Ukisharudi uwanjani, anzia hapo.”

“Ndiyo, Kocha.”

Siku hiyo Corwin alikuwa bado anatembea kwa magongo.