Mabati Yangu Yaliondoka Nikiwa Eda

Wasomaji wenzangu, mimi ni mjane wa miaka arobaini na moja, mama wa watoto watatu, mkazi wa Palma, ng'ambo ya Ruvuma. Nyumba yangu ina kuta nzuri za bloko, ina milango, ina hata sakafu ya saruji... haina paa! Na mimi ni mke wa fundi. Naomba mnisikilize.

Marehemu mume wangu alikuwa mjenzi, watu wote wakimwita Mestre, yaani fundi mkuu. Yeye na mdogo wake Momadi walikuwa na kampuni yao ndogo ya ujenzi. Mbau wamejenga, Awasse wamejenga, hadi Quitunda walipata vibarua. Nyumba za watu ziliisha, yetu ikakwama kwenye lenta, pale juu ya milango. Kila mwaka naambiwa subiri obra hii, kazi hii ya watu, iishe... Nikilalamika sana ananitania, "Mama Rehema, unataka paa au unataka kunihamisha mji?" Tunacheka, tunarudi kulala kwenye kibanda cha makuti ubavuni mwa boma letu lisilo na paa.

Vita vikaja. Tulikimbia, tukarudi, kazi hazikurudi. Wakaamua kufunga kampuni. Vifaa vilivyobaki vikaletwa uani kwetu: saruji, nondo, mbao, mabati. Mestre akakaa mkekani na mdogo wake, nami nikiwapakulia wali, wakapatana. Vyote viuzwe wagawane, isipokuwa mabati ya kuezekea nyumba yangu. Momadi aliitikia na samaki wangu mdomoni! Kesho yake Mestre akalipiga kila bati mstari wa rangi nyekundu upande wa ndani, akayapanga chini ya dirisha langu.

"Haya usimpe mtu, hata akikulilia," akaniambia.

Paa lilikuwa lipande kabla ya masika. Kabla ya masika akaondoka yeye. Alianguka akitia udhu, presha wakasema, na kulipokucha hatukuwa naye tena.

Nikaingia eda. Huku kwetu mjane anatulia ndani, haonani na wanaume wasio maharimu wake, wala haipendezi sauti yake kusikika. Wifi yangu Zaituna, dada yao Mestre na Momadi, akaja kunihudumia. Uani akabaki Momadi na kazi ya kuuza vifaa. Nilimwamini jamani! Amekula kwangu tangu hajaota ndevu.

Nikawa nasikia tu. Mke wa fundi hana haja ya kuchungulia: nondo zinaburuzwa, mbao zinagongana, mfuko wa saruji unatua puu! kwenye lori. Nikasema moyoni, sawa, wanauza, ndivyo walivyopatana. Mpaka asubuhi moja nikasikia mabati yanainuliwa chini ya dirisha langu...

Nikamwambia Zaituna akimbie, amweleze Momadi kwamba hayo ni ya nyumba yangu. Zaituna akanishika mabega, akanikalisha. Akaniuliza kama sina haya. Kaburi la mume wangu halijakauka, mimi nimeshaanza kugombea mabati? Wanaume wamejaa nje, wanisikie? Nisubiri nitoke eda, ndipo tuzungumze.

Nikanyamaza. Yarabi, nikanyamaza! Nilijifunika khanga usoni nikasikiliza paa langu linapakiwa, bati baada ya bati, hadi lori likaondoka. Nililia sana. Zaituna akanibembeleza, akidhani namlilia Mestre.

Siku ya kutoka eda nikaogeshwa, nikavishwa nguo mpya, wenzangu wakaja na vitumbua. Mimi huyo, uani! Pamefagiwa. Ilibaki mifuko michache ya saruji iliyoshika unyevu, imekuwa mawe mle mle mfukoni. Momadi alishavuka Ruvuma kufungua duka la vifaa Mtwara. Fungu letu alituachia gunia la mchele... Gunia la mchele!

Na mabati je? Zaituna akatabasamu kabisa.

"Hujasikia wifi? Kaka Momadi ameezeka chuo! Sadaka kwa ajili ya marehemu."

Chuo chenyewe ndicho wanachosomea Qurani wanangu. Nikaenda. Nikainua macho, nikaiona mistari myekundu juu ya vichwa vya watoto, mkono wa Mestre kabisa, maana siku zote mstari wake ulikwenda upande. Watu wananipa pongezi, eti shemeji yangu ana moyo! Moyo gani, wa kutoa paa la yatima?

Nikamweleza mwalimu wa chuo. Maskini, hakuwa akijua lolote. Akasema mali ya yatima haitolewi sadaka, nikitaka atayashusha Ijumaa hiyo hiyo. Kisha akaniuliza kwa upole mbona sikusema siku yalipochukuliwa. Nikamjibu nilikuwa eda. Akatikisa kichwa.

"Eda haikufungi mdomo, mama. Ungeniita nikasimama nje ya pazia, ukasema, basi."

Nje ya pazia tu! Maneno hayo yananichoma mpaka leo.

Habari ikaenea kabla sijafika nyumbani. Wanawake wakaja kuniuliza, wale wale waliolia nami matangani. Nitamnyang'anya mume wangu thawabu kaburini? Nitawanyeshea watoto wa wenzangu, na wangu wamo humo humo? Zaituna akaacha kunisemesha. Nikampigia simu Momadi. Akasema mabati yalikuwa ya kampuni, kampuni imefungwa, na Mestre hayupo wa kuulizwa. Akakata.

Nikarudi kwa mwalimu nikamwambia ayaache.

Msinisifu! Sikumsamehe mtu. Niliogopa midomo ya watu, kama nilivyoiogopa mara ya kwanza.

Sasa masika yameingia. Makuti ya kibanda yameoza, tumehamia ndani ya boma, chini ya turubai. Nauza vitumbua, vinatosha kula tu. Nani ataniezekea mimi? Juzi mvua ilitushukia tukiwa tumelala. Rehema, binti yangu wa miaka tisa, akaniambia, "Mama, twende tukalale chuoni. Kule Baba ameshaezeka."

Nikamfunika kwa khanga yangu, tukangoja kukuche.

Enyi waume mnaofunga kazi zenu, nawasihi: cha mkeo kipandishe juu ya nyumba yake ungali hai. Ukishindwa, kitaje mbele ya mwalimu na majirani, siyo mkekani kwa mdogo wako peke yake. Na wewe dada yangu unayekaa eda, lia, swali, mwombee mumeo. Lakini ukisikia haki yako inapakiwa, ita! Piga kelele nyuma ya hilo pazia! Watakusema, kisha watachoka. Mimi sikuita, wakanisifu kwa subira yangu, na mpaka leo wananisifu.

Hiyo mvua inaanza tena huko nje... Ngojeni nikasogeze godoro la watoto.